Jinsi ya kukagua mwenyewe kama sheria ya leseni ya bunduki inaokoa watu

Shemeji yangu anaishi Kansas City, mimi niko St. Louis, miji miwili ya jimbo la Missouri, Marekani, na kila tukikutana kwenye harusi au msiba mazungumzo yetu huishia kwenye bunduki. Yeye anayo bastola, kainunua kihalali na anaitunza. "Shemeji," huniambia, "Chicago wana sheria kali kuliko sisi, na kila wikiendi watu wanauawa. Hiyo leseni inamsaidia nani?" Miaka ya mwanzo nilimjibu kwa uchungu, na hatukufika popote. Siku hizi naweka laptop mezani, nachukua daftari, tunakaa saa mbili. Hapa naeleza tunachofanya, hatua kwa hatua, ili nawe uweze kukifanya na mtu wa nyumbani kwako badala ya kugombana naye.

Nasema haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Tangu 2012 nasoma mafaili ya wagonjwa hospitalini na kuyageuza kuwa misimbo: kila ugonjwa na kila jeraha lina namba yake. Nimeandika namba za risasi nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mengine ya watoto.

Anza kwa kuuliza ni sheria gani mnayoizungumzia. Neno "leseni" watu hulitumia kwa mambo tofauti kabisa, na ubishi mwingi hufia hapo. Marekani, ukinunua bastola dukani, muuzaji anaulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI na mara nyingi jibu linakuja kwa dakika chache. Ukinunua kwa jirani au kwa mtu mliyekutana mtandaoni, sheria ya serikali kuu haimlazimishi kuulizia chochote. Kuulizia huko dukani si leseni. Leseni ninayoizungumzia ni ile ambayo mnunuzi anakwenda mwenyewe polisi au kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kabla ya kununua, anachunguzwa, mahali pengine anachukuliwa alama za vidole na kupewa mafunzo, anasubiri, kisha ndipo anapewa kibali. Bila kibali hicho hakuna wa kumuuzia, awe duka au jirani.

Connecticut walianza hivyo tarehe 1 Oktoba 1995: miaka 21 kwenda juu, mafunzo ya saa nane, uchunguzi, ndipo unapewa. Maryland walianza Oktoba 2013: alama za vidole, mafunzo ya saa nne yenye kufyatua risasi angalau moja mbele ya mwalimu, na polisi wana hadi siku 30 za kujibu. Missouri, jimbo letu, ilikuwa na kibali cha sherifu tangu 1921. Kikafutwa tarehe 28 Agosti 2007.

Mimi nimekulia Handeni, na mjomba wangu alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe shambani. Kulipata alipita kwa mwenyekiti wa kijiji, akapita kamati ya ulinzi, akafika hadi wilayani. Kijiji kizima kilijua nani ana silaha na kwa nini anayo. Nguvu ya kibali iko hapo, kwamba kuna mtu anayekutazama usoni na kukuuliza. Kuulizia jina kwa dakika tatu dukani hakufanyi kazi hiyo, na takwimu zinafuata njia hiyo hiyo. California ilipolazimisha kila mnunuzi achunguzwe kuanzia 1991, bila kibali cha kununua cha namna hii, watafiti waliofuatilia vifo kwa miaka iliyofuata hawakuona badiliko la mauaji ya bunduki wala la watu kujiua kwa bunduki. Kwa hiyo mtu akikuambia "uchunguzi hausaidii", muulize uchunguzi gani. Huenda anasema kweli kuhusu sheria nyingine kabisa.

Hatua ya pili ni kutenganisha vifo. Mwandikie mwenzako namba hizi tatu kwenye daftari. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza watu 46,728 kwa bunduki. Waliojiua ni 27,300. Waliouawa na wengine ni 17,927. Shemeji yangu aliziangalia kwa muda mrefu, maana maisha yake yote alidhani vifo vya bunduki ni mambo ya magenge. Zaidi ya nusu ni mtu na nafsi yake, mara nyingi ndani ya nyumba yake, kwa bunduki iliyonunuliwa kihalali.

Usipitishe vifo hivi kwa haraka kwa sababu vinaumiza. Mtu anayetaka kujiua mara nyingi yuko kwenye saa chache au siku chache za giza, na wengi wanaonusurika hawafi baadaye kwa mikono yao. Bunduki haimpi nafasi ya kunusurika: wanaoitumia, karibu tisa kati ya kumi hufa. Ndiyo maana kusubiri wiki mbili kibali, jambo linaloonekana kama usumbufu wa ofisi tu, kunaweza kuwa wiki mbili za mtu kupita kwenye lile giza. (Kama wewe unayesoma uko humo sasa na uko Marekani, piga 988, simu ya msaada, leo. Mwambie na mtu mmoja wa karibu.)

Sasa tafuta namba, ila usizitafute hospitalini. Nikueleze kwa nini, maana watu wengi hata waandishi wa habari hukosea hapa.

Kijana anafika saa nane za usiku, amepigwa risasi ya paja. Daktari anaandika: jeraha la risasi, paja la kushoto, damu nyingi, amepelekwa chumba cha upasuaji. Basi. Hakuandika nani kampiga, kwa sababu kazi yake saa ile ni kuzuia damu. Faili linafika kwangu asubuhi. Mwongozo wetu unasema kama nia haikuandikwa, weka ajali. Siruhusiwi kukisia. Kwa hiyo naandika W34, bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya, wakati ndugu zake wako ukumbini wanalia na wanajua vizuri nani alisimama mlangoni na bastola. Kama daktari angeandika maneno matatu tu, "alipigwa na mtu", ningeandika X95, shambulio. Nimefanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi kuziamini takwimu za majeruhi zinapotaja ajali za bunduki. Ajali nyingi humo si ajali.

Vyeti vya kifo ni jambo jingine. Huko afisa wa serikali anayechunguza vifo analazimika kutaja namna mtu alivyokufa, na polisi wameshafika. Kwa hiyo tumia vifo. CDC, taasisi ya afya ya serikali kuu, wana chombo kinaitwa WONDER, kipo mtandaoni, ni bure, hakihitaji kujisajili. Fungua faili la vifo kwa sababu kuu, miaka 1999 hadi 2020, ukubali masharti. Utaona fomu ndefu yenye sehemu zilizopewa namba. Usiogope urefu wake, utagusa nne tu.

Sehemu ya kwanza ni mpangilio wa jedwali: panga kwa jimbo, kisha kwa mwaka, na uweke alama kwenye viwango vilivyosawazishwa kwa umri. Bila kusawazisha, jimbo lenye vijana wengi litaonekana baya kwa sababu ya vijana wake tu. Sehemu ya pili chagua Missouri. Sehemu ya nne chagua miaka. Sehemu ya sita ndiyo ya sababu ya kifo. Hapo hamia kwenye uchaguzi wa nia na chombo, weka mauaji na bunduki. Ukipenda misimbo yenyewe, mauaji ya bunduki ni X93 hadi X95, kujiua kwa bunduki ni X72 hadi X74. Tuma ombi, jedwali linakuja kwa sekunde chache.

Ukiona sehemu hakuna namba bali neno, maana yake vifo ni chini ya kumi na wameficha kulinda familia. Ukiona kiwango kimewekewa alama ya kutoaminika, vifo ni chini ya ishirini. Usikitumie, hata kama kinaunga mkono upande wako. Hasa kama kinaunga mkono upande wako.

Sasa weka kalamu kwenye Agosti 2007 na usome juu yake na chini yake. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Daniel Webster na wenzake, walifanya hesabu hii na kuichapisha 2014. Wastani wa miaka tisa, 1999 hadi 2007, ulikuwa watu 4.66 waliouawa kwa bunduki kwa kila watu 100,000 wa Missouri. Mwaka 2008 ukaruka hadi 6.23. Wastani wa 2008 hadi 2010 ukawa 5.82, yaani robo zaidi ya kule nyuma. Kwa jimbo la watu milioni sita hivi, walikadiria watu 55 hadi 63 zaidi waliouawa kila mwaka hadi 2012. Jaza basi moja la abiria. Kila mwaka.

Hapa shemeji aliuliza swali zuri: "Na kama ilikuwa inapanda kila mahali?" Hilo ndilo swali la kumfundisha kila mtu. Rudi sehemu ya pili, ondoa Missouri, weka majirani zake wanane: Iowa, Illinois, Kentucky, Tennessee, Arkansas, Oklahoma, Kansas na Nebraska. Endesha tena. Kisha endesha nchi nzima. Miaka ile ile ambayo Missouri ilipanda, Marekani kwa ujumla ilikuwa inashuka, na majirani hawakupanda.

Halafu kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Badilisha bunduki uweke njia nyingine zote za kuua: visu, kupigwa, kunyongwa. Kama Missouri ilikumbwa na umaskini mpya, au dawa za kulevya, au polisi wamelegea, basi watu wangeuana zaidi kwa kila njia. Mauaji yasiyo ya bunduki hayakupanda. Connecticut ilikuwa vivyo hivyo kwa upande wa pili: mauaji ya bunduki yalishuka, ya njia nyingine hayakuonyesha kushuka. Kitu kilichobadilika kilipitia kwenye bunduki.

Na bunduki zenyewe zinaacha nyayo. Polisi wakiokota bastola kwenye tukio, huomba ifuatiliwe kwa namba yake hadi kwa mnunuzi wa kwanza. Mwaka 2006 asilimia 56 hivi ya bunduki zilizofuatiliwa Missouri zilikuwa zimenunuliwa Missouri yenyewe. Kufikia 2012 ilikuwa takriban 72. Bunduki zinazotoka dukani na kuokotwa kwenye uhalifu baada ya muda mfupi ziliongezeka pia. Ukijua mitaa, unaelewa: yule anayetumwa kumnunulia mwenziwe asiyeruhusiwa sasa hana haja ya kusimama mbele ya sherifu na kuandikisha jina lake.

Nikirudi kwa Chicago, kwa sababu utaulizwa tu. Mambo mawili. Kwanza, usikubali idadi, dai kiwango. Mwaka 2020 mji wangu wa St. Louis ulizika watu 263 waliouawa, mji wenye watu laki tatu hivi. Chicago ilizika zaidi ya hao karibu mara tatu, lakini ina watu milioni 2.7. Gawanya mwenyewe kwenye daftari. Mtu wa St. Louis mwaka ule alikuwa hatarini karibu mara tatu zaidi ya mtu wa Chicago, na kwetu hakuna kibali. Pili, ripoti ya jiji la Chicago ya 2017 ilionyesha kwamba bunduki kama sita kati ya kumi zilizofuatiliwa zilinunuliwa kwanza nje ya Illinois, jimbo lao, na moja kati ya tano ilitoka Indiana. Kutoka katikati ya Chicago hadi mpaka wa Indiana ni mwendo mfupi wa gari. Ukuta wa upande mmoja hauzuii mbuzi kuingia shambani, lakini hatusemi basi kuta hazifai.

Mtego mwingine huu hapa, na huu unawanasa hata walio upande wangu. Maryland waliweka leseni 2013. Baltimore, mji wao mkubwa, ikapanda hadi watu 344 waliouawa 2015, na ikakaa juu ya 300 kila mwaka hadi 2022. Mpinzani atasema: umeona? Ila Aprili 2015 Freddie Gray alifariki baada ya kukamatwa na polisi, mji ukawaka moto, na imani kati ya raia na polisi ikavunjika. Kisha 2023 Baltimore ikashuka hadi 263, na 2024 hadi 201 hivi. Usikimbilie kushangilia kwamba leseni imefanya kazi. Sheria ilikuwepo wakati wa kupanda na ipo wakati wa kushuka. Mji mmoja, kabla na baada, hauwezi kukuambia chochote peke yake, uwe unaipenda sheria au huipendi.

Kwa sababu hiyo andika pembeni kila kitu kingine kilichotokea karibu na tarehe ya sheria. Kwa Missouri, 2007 hiyo hiyo walipanua haki ya kumpiga risasi anayekuvamia nyumbani au garini. Hiyo nayo ni bunduki, na jaribio la visu haliwezi kuitenganisha na kibali. Watafiti walijaribu kuiondoa kwenye hesabu, na mimi naona zile nyayo za bunduki zinaelekeza zaidi kwenye kibali, lakini mwenzako ana haki ya kulitaja. Agosti 2014 Michael Brown aliuawa na polisi Ferguson, maili chache kutoka ninapoishi. Januari 2017 Missouri iliruhusu kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Kadiri unavyosogea mbali na 2007, ndivyo sababu zinavyochanganyikana. Ndiyo maana miaka mitano ya kwanza naiamini zaidi kuliko kumi inayofuata.

Utakutana pia na asilimia zisizofanana, na usitishike. Utafiti wa 2015 uliweka mauaji ya bunduki Connecticut chini kwa asilimia 40 katika miaka kumi ya kwanza. Mwaka 2020 walirudia kwa miaka mingi zaidi na njia iliyoboreshwa, wakapata 28. Missouri, kupanda kulikokuwa 25 kukawa 47. Kwa kujiua, makadirio ya kwanza yalikuwa kushuka kwa asilimia 15 Connecticut na kupanda kwa 16 Missouri. Ya baadaye yalikuwa 33 na 23. Wanalinganisha jimbo halisi na jimbo la kutengeneza, mchanganyiko wa majimbo mengine yaliyofanana nalo kabla ya sheria, na mchanganyiko ukibadilika namba inabadilika. Kwa Connecticut ya kwanza, sehemu kubwa ya mchanganyiko ilikuwa Rhode Island peke yake, na mimi hilo linanipa wasiwasi. Majimbo ni mawili, watafiti wengi ni wa nyumba moja. Namba kamili siwezi kuiapia. Mwelekeo naweza: ilipowekwa vifo vilishuka, ilipofutwa vilipanda.

Nje ya Marekani mimi huangalia Afrika Kusini. Sheria yao ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu 2004, ilimtaka mmiliki athibitishe ujuzi wake, achunguzwe na ahuishe leseni. Utafiti wa miji mitano, 2001 hadi 2005, ulikadiria watu zaidi ya 4,500 waliookolewa. Miaka ya 2010 usimamizi ukalegea, na kanali mmoja wa polisi alihukumiwa 2016 kwa kuuzia magenge bunduki karibu 2,000 zilizopaswa kuyeyushwa. Mauaji ya bunduki yakapanda tena. Sheria iliyoandikwa ilikuwa ile ile. Kwa hiyo kwenye daftari weka safu ya mwisho: nani anaisimamia, na analipwa kuisimamia?

Ukitaka kuendelea baada ya Missouri, jaribu Iowa. Walikuwa na kibali cha kununua bastola kwa miaka mingi, wakakiacha kiwe hiari kuanzia Julai 2021. Utahitaji lile faili jingine la WONDER linaloanza 2018, na uwe mwangalifu, kwa sababu vifo vilipanda nchi nzima 2020 na 2021 na kushuka baadaye. Bila majirani pembeni utajidanganya. Connecticut ya zamani inahitaji faili la kabla ya 1999 na misimbo ya zamani, E965.0 hadi E965.4 kwa mauaji ya bunduki.

Mara ya mwisho tulikaa jikoni kwa shemeji, watoto wamelala, wifi ametupa chai ya tangawizi na maandazi. Alitaka kuendesha mwenyewe. Akaandika 4.66 na 5.82 kwa mkono wake, akakagua majirani, akarudia jaribio la visu mara mbili akiamini nimechagua kitu vibaya. Halafu akaniambia tuweke kujiua, wanaume, miaka 20 hadi 24, Missouri. Jedwali likaja. Ana kijana wa miaka 22. Akasimama, akaenda chumbani, nikasikia droo inafunguliwa. Aliporudi alikuwa na ile bastola kwenye kisanduku chake na ufunguo mkononi, akauliza kama naweza kukaa na ufunguo St. Louis kwa muda.

Ufunguo ninao, kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati.